Wasioonekana Nao Wanapumua



Je, mtu kufanya kazi bila kuonekana ni unyenyekevu siku zote? Nasomea ubunifu wa ndani ya majengo, na sasa nachora ukumbi wa opera, yaani mchezo wa kuimbwa. Wapiga vyombo niwaweke wapi?

Kule Bayreuth, Ujerumani, kuna ukumbi uliofunguliwa mwaka 1876. Mtunzi Richard Wagner aliwaweka wapigaji kwenye shimo lililofunikwa, linaloingia chini ya jukwaa, ili macho ya watu yabaki kwa waimbaji. Muziki unausikia, mpigaji humwoni. Tungesema haraka: huo ndio unyenyekevu! Lakini ngoja kwanza. Shimo lile lina joto, na aliyelichagua ni Wagner, si wapigaji.

Unyenyekevu ni mtu kukubali mwenyewe kutoonekana. Kumficha mwenzako, halafu ukasahau kwamba anapumua, hiyo ni dharau tu. Ndiyo maana mchoro wangu unaanza na hewa yao, taa ya kusomea noti na kiti cha kukaa saa nyingi. Viti vya watazamaji vinafuata.

Na wewe je? Dada anayepika nyumbani kwenu, jikoni kwake kuna dirisha?