Kufuli Kwenye Ulimi wa Ghazali

Mwaka 1095, katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, mwalimu aliyesifika kuliko wenzake alikaa mbele ya wanafunzi, ulimi ukagoma. Abu Hamid al-Ghazali alikuwa na umri wa miaka 37 hivi, na darasa lake lilikuwa na watu wapatao 300. Alijitahidi asomeshe japo siku moja, kwa kuwaridhisha waliomjia, neno halikutoka. Chakula nacho kikawa hakishuki. Matabibu walipomshindwa walisema maradhi yameanzia moyoni. Akaaga kwamba anakwenda kuhiji, akaiacha kazi.

Elimu hakupungukiwa, wala ufasaha. Baadaye aliandika kwamba alipoipima nia yake ya kufundisha aliikuta si ya Mungu: kilichomsukuma ni cheo na sifa.

Semina ya siku tatu ingemfaa nini mtu huyu?

Swali lina utani kidogo, lakini serikali zetu zinalijibu kila mwaka bila kulitamka. Kenya, mwaka 2021, Tume ya Huduma za Walimu ilizindua mafunzo ya lazima kwa walimu walio kazini, na vyama vyao vikapinga vikali, hasa ada ya takriban shilingi 6,000 kwa mwaka. Ugomvi ulihusu mfuko, ila nyuma yake kulikuwa na jambo zito zaidi: mtu aliyekwisha kupewa cheti cha kufundisha anaweza kulazimishwa kujifunza? Anaweza kulazimishwa kuhudhuria, hilo halina ubishi. Atatia saini, atapokea posho ikiwapo, atarudi darasani na mbinu zake zilezile.

Hata hivyo, anayesema nia pekee inatosha aikumbuke Tanzania ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi iliamua kila mtoto asome, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafanywa walimu, wakijifunza ualimu huku wakifundisha. Moyo walikuwa nao wengi wao. Lakini moyo haumwonyeshi mtu namna ya kumfafanulia mtoto kwa nini jibu lake si sahihi.

Tuseme ni hesabu ya darasa la tatu: 52 kutoa 17. Mtoto ameandika 45. Mwalimu anatia alama ya kosa kwa wino mwekundu, anafungua daftari linalofuata. Daftari hilohilo likiwekwa mezani mbele ya walimu watano, mambo hubadilika. Mmoja anagundua kwamba mtoto hakubahatisha: ametoa 2 kwenye 7 kwa sababu amezoea kutoa ndogo kwenye kubwa, kisha 1 kwenye 5. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu. Kisha linakuja swali gumu: kanuni hiyo aliipata wapi, kama si kwa mwalimu aliyemwambia kila siku kwamba ndogo hutolewa kwenye kubwa?

Vikao vya namna hii Wajapani wanavyo kwa zaidi ya miaka mia. Somo moja huandaliwa na wengi, hufundishwa na mmoja, wenzake wakitazama, kisha huchambuliwa. Tanzania nayo, kupitia mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, inawataka walimu wakutane shuleni kwao badala ya kungoja semina za mbali. Mbinu hufundishwa hapo, lakini kitu kingine huguswa pia: mwalimu anakiri mbele ya wenzake kwamba hajui. Kukiri huko kunagusa cheo na sifa, mambo yaleyale yaliyomtoa Ghazali Baghdad.

Alirudi kusomesha kwenye madrasa kubwa mwaka 1106, mjini Nishapur, akisisitiza kwamba huko hakukuwa kurudi: zamani alifundisha elimu ya kutafutia heshima, sasa alifundisha ya kuiachia. Ilimchukua miaka 11. Mwalimu wa darasa la tatu ana saa mbili za Ijumaa mchana, daftari lenye wino mwekundu, na wenzake wanne wanaosubiri aseme kitu.