Aombwaye ushauri amebeba amana: Tukakione chuo kabla ya kumpeleka mtoto

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, wiki iliyopita baada ya sala ya Alasiri, nikiwa nimemaliza darsa katika msikiti mmoja wa Mji Mkongwe, alinijia mama mmoja pamoja na bintiye aliyemaliza Kidato cha Sita. Binti huyo nilimsomesha dini skuli, na sasa anataka kusomea ualimu wa sayansi. Mama akaniambia: "Ustadhi, sisi hatuvijui vyuo. Chagua wewe, popote utakaposema ndipo atakapokwenda."

Maneno hayo yangeweza kunifurahisha. Badala yake yalinitia khofu, kwa sababu nimewahi kuyasikia.

Miaka kadhaa nyuma mzee mmoja wa Kusini aliniomba hivyo hivyo kuhusu mwanawe wa kiume. Nikamtajia chuo kimoja cha ng'ambo ambacho sijapata kukitia machoni. Nilichokuwa nacho ni sifa za kusikia kwa watu na karatasi moja ya matangazo yenye picha nzuri. Mzee akauza ng'ombe wake wawili. Kijana alipofika akakuta fani aliyoifuata haijapata kibali cha kusomeshwa, na ada aliyokwisha kulipa hairudi. Akarejea nyumbani mikono mitupu. Nilipokwenda kumpa pole baba yake, hakunilaumu hata kwa neno moja. Alisema tu: "Haikuwa riziki yake, Ustadhi."

Ni kweli kila jambo liko katika Qadar ya Allah, na mzee yule alisema linalompasa mja mwenye subira. Lakini je, mimi nilikuwa na haki ya kujificha nyuma ya maneno yake? Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba mwenye kuombwa ushauri ni mtu aliyeaminiwa. Na Allah (S.W.) katika Suratul Israa, aya ya 36, anatukataza kulifuata jambo tusilo na ujuzi nalo, na anatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Mimi nilitumia masikio peke yake. Macho yangu niliyaacha nyumbani, na gharama akalipa mtu mwengine.

Kwa hiyo safari hii nilimjibu mama yule: "Sitachagua, mama yangu. Tutakwenda tukavione."

Akacheka. "Kwani chuo ni nyumba ya kupanga, hata tukakikague?"

Nikamwambia: "Nyumba ya kupanga ukiichoka unahama. Hii ni miaka mitatu au zaidi ya umri wa mtoto." Basi tukakaa barazani tukapanga.

Tulianza na kumshukuru Allah kwa neema tuliyonayo. Kabla ya mwaka 1998 kijana wa Unguja aliyetaka shahada mara nyingi ilimbidi avuke bahari. Mwaka huo ndipo kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na kule Chukwani kikaanza Chuo cha Elimu ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Kisha Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kikaundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Leo mzazi wa mjini anaweza kutoka asubuhi, akavitembelea viwili na kurudi kuwahi sala ya Magharibi. Ikiwa njia ni fupi kiasi hicho, udhuru wetu wa kutokwenda ni upi?

Tukachagua siku ya Jumanne, masomo yakiwa yanaendelea. Chuo kilichofungwa ni majengo matupu. Hakikuambii kama walimu wanaingia darasani. Tutakwenda kwa daladala, ingawa jamaa mmoja alijitolea gari yake, maana daladala ndiyo atakayopanda binti kila siku. Tutatazama saa zinazotumika njiani, nauli yake, na gari ya mwisho ya kurudi ni ya saa ngapi. Mama yake na kaka yake watakuwapo, nami nitafuatana nao.

Tutauliza somo lake linasomeshwa wapi hasa, kwani SUZA peke yake ina kampasi Tunguu, Vuga, Beit el Ras, Mbweni na kwengineko. Tutauliza kama fani hiyo inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), suali ambalo lingeokoa ng'ombe wa yule mzee. Tutaomba hesabu ya ada iliyoandikwa, pamoja na usajili, mitihani na dakhalia, ndipo mama ajue aombe nini Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar. Tutatazama mahala pa wanawake pa kutilia udhu na kusalia. Na baada ya kuwasikiliza wakubwa wa ofisini, binti atakaa na wanafunzi wa kike wa mwaka wa pili awasikilize na wao.

Muda wote huo binti alikuwa kimya. Nikamuuliza: "Na wewe, mwanangu, unataka kuona nini?"

Akasema kwa sauti ndogo: "Maabara, Ustadhi. Skuli yetu vifaa tulikuwa tukivichora tu kwenye daftari. Nataka kujua kama huko wanavishika."

Mama yake alimtazama, nami nikainamisha kichwa. Tulikwishaandika karatasi nzima, na suali kubwa kuliko yote lilikuwa moyoni mwa mtu ambaye hatukumuuliza. Nikampa kalamu, akaliandika yeye mwenyewe juu kabisa.

Huenda msomaji akasema: "Je, haitoshi kusali Istikhara?" Istikhara ni lazima tuithamini, na binti huyu ataisali. Lakini katika hadithi ya Jabir (r.a.) aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) ameifundisha kwa mtu aliyekwisha kukusudia jambo. Utakusudia vipi usilolijua? Yule bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha ategemee, hakuambiwa achague moja kati ya mawili.

Ndugu zangu walimu wa madrasa na maimamu, wazazi wanatuamini kuliko tunavyostahiki. Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka wanatujia, na sisi huwatajia majina ya vyuo kama tunavyotaja majina ya mitaa. Tuache. Tuwe na ujasiri wa kusema "sijui", kisha tusimame tufuatane nao. Siku moja ya jua na vumbi la Tunguu ni nyepesi kuliko kuulizwa na Allah juu ya mtoto wa mtu.

Yule mzee wa Kusini bado nakutana naye, na bado hunisalimia kwa furaha. Namwomba Allah (S.W.) anisamehe, amfidie kilichompotea, na awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.