Ushirika Huisha, Amana Hubaki

Mwaka 1987, katika mji wa Boston huko Marekani, masahibu watatu waliojuana tangu ujanani, Dean Wareham, Damon Krukowski na Naomi Yang, waliunda kundi dogo la muziki wa roki wakaliita Galaxie 500. Na ijapokuwa Naomi ndiyo kwanza alijifunza gitaa la besi kwa ajili ya kundi hilo, walitoa albamu tatu kati ya mwaka 1988 na 1990, zenye mwendo wa taratibu uliowapatia wapenzi hata Uingereza. Mwaka 1991 Dean alijitoa, kundi likavunjika, na kampuni iliyokuwa ikitoa albamu zao, Rough Trade, ikafilisika. Lakini Damon, asiyeridhia jasho la watatu lipotee, alizikomboa mnadani kanda asilia za kazi yao.

Waama, ushirika kufikia ukomo si aibu. Aibu ni kuitupa kazi njema kwa ghadhabu. Basi nawe uliyeachana na mwenzio wa biashara, wa kwaya au wa shamba, ilinde amana mliyoijenga pamoja, na umtaje kwa insafu, maana haki yake humo haikufutwa na utengano.