Ukiombwa Kuongoza

Tuseme wachezaji wa kabumbu wa Makobola wamekuchagua uwe mkubwa wa chama chao. Je, ukubali au ukatae?

Wengine hukubali upesi kwa kuwa wapenda kuitwa prezida. Wengine hukataa upesi, wakijifanya wanyenyekevu, kumbe waogopa taabu tu. Hao wote hujitazama wenyewe. Afadhali uitazame kazi: kutunza mchango, kutafuta gari la kwenda kucheza Uvira au Baraka, kutuliza hasira za walioshindwa. Je, nafasi unayo? Na siku nyumbani hakuna unga, mchango wa watu utabaki salama mkononi mwako?

Hata kuacha cheo kwaweza kuwa wajibu. Januari 1962, majuma sita hivi baada ya Tanganyika kujitawala, Julius Nyerere alimwachia Rashidi Kawawa uwaziri mkuu, ili akiimarishe chama cha TANU. Hakukimbia kazi, alichagua ile aliyoona yamngoja.

Basi, ikiwa wewe ni mlinda lango hodari, na mwenzio mwaminifu ajua hesabu kukupita, mwachie daftari, nawe ubaki langoni. Lakini kama mwingine hayupo, usijifiche. Kiti unachokiacha wazi, mwenye tamaa atakikalia.