Rangi ya Motokari na Dhamiri ya Mwenye Kuiuza



Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi, hapa Butembo na kule Beni, kibaya hakijitembezi tena. Chapakwa rangi, chasimamishwa kando ya barabara, nacho pengine chauzwa kabla ya kile kizuri. Twapenda leo tuulizane neno moja: mtu apakaye rangi motokari yake kwa mikono yake mwenyewe, ni lini afanya pambo, na ni lini afanya uongo?

Swali hili hatukulitunga sisi. Tuliletewa na kijana mmoja baada ya Misa ya Dominika. Alikuwa amenunua motokari kuukuu, mojawapo ya zile zilizochakaa kwanza katika nchi za mbali, kisha zikapita Kasindi na kuingia kwetu. Hakuwa na fedha za kuipeleka garaje. Basi alinunua msasa, masitiki na makopo ya rangi nyekundu, akaazima kompresa ya jirani, akafanya kazi uani kwake majuma matatu. Kweli motokari ilipendeza. Juu ya kioo cha mbele aliandika kwa herufi nyeupe: Mungu Mlinzi Wetu. Baba mmoja wa Beni, mwenye watoto, aliiona akaitaka, akaahidi kurudi na fedha.

Ndipo kijana akatujia bila furaha. "Mwalimu," alisema, "chini ya rangi ile kuna kutu. Kile chuma kirefu cha chini, kinachobeba motokari nzima, kimeliwa karibu na gurudumu la nyuma. Nilijaza masitiki, nikapaka. Je, napaswa kusema? Motokari ni yangu, rangi ni yangu, na mnunuzi ana macho yake."

Tusianze kwa kuilaumu rangi. Wako wacha Mungu wanaodhani kwamba kila pambo ni majivuno. Sivyo. Muumba hakuifanya dunia ya rangi moja, na Mama Kanisa mwenyewe huvaa kijani, zambarau, nyeupe na nyekundu kwa kufuata majira yake. Tena rangi ina kazi: yazuia maji yasiguse chuma. Pia yatambulisha. Wafanya biashara wetu waendao Kampala huzijua teksi za kule kwa weupe wao na ule mstari wa miraba ya buluu. Katika Kenya, mwaka 2004, serikali iliamuru kila matatu ipakwe mstari wa njano, ili abiria ajue ni gari gani analoingia. Katika hayo yote rangi yasema kweli. Kijana apendaye motokari yake iwe nyekundu au ya mistari hakosi neno, maadamu halii karo ya watoto wake kwa ajili ya makopo ya rangi, na maadamu hufunika pua na kinywa chake anapopuliza. Kwa maana vumbi la msasa na mvuke wa rangi huharibu mapafu, na mwili nao ni amana ya Mungu.

Basi kosa laingia wapi? Tuwaulize mafundi. Wao husema kwamba chuma chenye kutu hukwanguliwa kwanza mpaka chuma safi kionekane. Kama kimeliwa, sehemu ile hukatwa, na chuma kipya huungwa kwa moto. Baadaye hupakwa rangi ya msingi, na mwisho ile ya juu. Masitiki ni ya kusawazisha bonde dogo juu ya bati zima. Haina nguvu ya kubeba mzigo. Ukiijaza mahali pa chuma kilicholiwa, kutu haifi. Yaendelea kula gizani, na maji yaliyoingia hayapati njia ya kutoka. Hapo rangi haikukiponya kidonda. Imekificha machoni pa yule ambaye angeweza kukiponya. Na Bwana wetu alipowakemea Mafarisayo, akiwafananisha na makaburi yaliyopakwa chokaa, hakukasirikia chokaa. Alikasirikia mifupa iliyofichwa nayo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakuona motokari, lakini aliona farasi wakiuzwa sokoni. Alifundisha hivi: ikiwa kilema cha farasi chaonekana wazi, kama vile kukosa jicho moja, muuzaji halazimiki kukitangaza, mradi apunguze bei kwa haki. Lakini ikiwa kilema kimejificha, na chaweza kumtia mnunuzi hasara au hatari, muuzaji apaswa kukisema. Akinyamaza, ametenda hila, naye ana deni la kulipa hasara hiyo. Basi kijana wetu hakuwa na wajibu wa kutangaza kiti kilichochanika, kwa maana kila mtu akiona. Lakini chuma cha chini hakuna aliyekiona. Mnunuzi ana macho, ni kweli. Ila yeye ndiye aliyeyafumba kwa masitiki.

Tena tukumbuke ni barabara gani twazungumzia. Kutoka Butembo mpaka Beni ni zaidi ya kilometa 50. Kutoka Beni watu huelekea Kasindi, au Oicha na kuendelea Ituri. Tangu mwaka 2014 wasafiri wengi wa nchi ya Beni wameuawa njiani, na zimekuwako siku ambapo magari yalipaswa kwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa askari. Motokari ikivunjika kando ya msitu wakati wenzake wakiendelea mbele, kutu ile iliyofichwa uani Butembo yaweza kudai damu ya watoto wa mtu. Na juu ya kioo pameandikwa nini? Mungu Mlinzi Wetu! Shetani alipomtaka Yezu ajitupe kutoka juu ya hekalu, Yezu alikataa, kwa maana ni kumjaribu Mungu. Nasi tukiliandika jina lake juu ya chuma tunachojua kimeoza, twamjaribu, tena twalitaja jina lake bure.

Kijana alitujibu: "Lakini kila mtu afanya hivyo. Nikisema, nitapoteza fedha, na nina deni." Hatulidharau neno hilo, kwa maana deni ni mzigo wa kweli. Lakini Butembo ilijengwa na nini? Wafanya biashara wake wanajulikana mpaka Dubai na Guangzhou, na wengi walianza kwa mali waliyopewa bila karatasi, kwa kuaminiwa neno lao tu. Neno likioza kama chuma kile, rangi gani italifunika?

Wala tusijifanye watakatifu. Sisi wenyewe, katika kikanisa chetu, tulipaka ukuta wenye unyevu kwa haraka kabla ya mgeni mkubwa kufika. Alitusifu, tukafurahi. Mvua za pili rangi ilibanduka, na ukuta ulikuwa umeharibika kuliko kwanza. Tulipomsikia kijana yule, tuliukumbuka ukuta wetu.

Baba wa Beni aliporudi, kijana alimlaza chini ya motokari, akammulikia kwa tochi, akabandua masitiki mbele yake. Yule baba alinyamaza kitambo, akashukuru, akaenda zake na fedha zake. Hajarudi. Kijana amekwisha kumpata fundi wa kuunga chuma, lakini deni lake limeongezeka. Alituuliza: "Mwalimu, mbona ukweli una gharama hivi?" Tulimjibu kwamba gharama haikuletwa na ukweli. Ilikuwako tangu siku kutu ilipoanza kula. Kunyamaza kusingeifuta, kungemwachia mtu mwingine ailipe, asiyejua kwamba anadaiwa.

Ndugu msomaji, kabla ya kupaka motokari, pikipiki, nyumba au hata sifa yako mwenyewe, jiulize mambo matatu. Chini ya rangi hii kuna nini? Ni nani atakayeumia asipokijua? Je, ningeipaka vivyo hivyo kama mnunuzi angekuwa amesimama karibu nami akitazama? Kama dhamiri yako haisumbuki, paka kwa furaha, na Mungu aibariki kazi ya mikono yako. Kama yasumbuka, weka kopo chini, uchukue msasa.