Gari Linalokula Fedha: Litengenezwe au Liuzwe?

Waswahili wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii inachukulia kwamba ukuta wenyewe bado unafaa kuzibwa. Lakini ukiwa umeziba nyufa kumi na moja, na ule wa kumi na mbili unadai karibu nusu ya thamani ya nyumba nzima, methali inanyamaza na mtu anabaki na akili yake mwenyewe.

Swali hili sasa linamkabili mjomba wangu mjini Kampala. Ana Toyota Corolla ya mwaka 1997 ambayo hubebea abiria wa kukodi. Giaboksi yake ya otomatiki imeanza kuteleza: ukikanyaga mafuta injini inanguruma, lakini gari halivuti. Oili imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, dalili kwamba sahani za msuguano zilizo ndani zimelika. Fundi ametaja shilingi 2,600,000 kwa giaboksi iliyotumika kutoka Japani pamoja na ufundi. Gari likiwa zima, bei yake haizidi milioni 6. Na fedha pekee alizo nazo mjomba ni karo ya binti yake wa kidato cha tano.

Nilipomuuliza kwa nini asiliuze, alinijibu: “Mpwa wangu, mwaka jana nimetia shokomzoba nne na rejeta mpya. Nitaziachaje?”

Wanauchumi wangemcheka. Kwao fedha iliyokwenda imekwenda, na hesabu huanzia leo. Mfano wao maarufu ni ndege ya Concorde. Serikali za Uingereza na Ufaransa ziliendelea kuigharimia hata ilipokuwa wazi kwamba fedha hizo hazitarudi, kwa kuwa nyingi zilikuwa zimeshatumika. Ilianza kubeba abiria mwaka 1976, ikaacha kuruka mwaka 2003, na kosa la kufukuza fedha zilizopotea bado linaitwa kwa jina lake.

Mimi nakubaliana nao nusu. Bei ya zile shokomzoba haina hoja tena, hiyo ni kweli. Lakini shokomzoba zenyewe zipo chini ya gari na zinafanya kazi. Zaidi ya hayo, mjomba analijua gari lake: anajua kilichobadilishwa, lini, na nani alikibadilisha. Gari jingine la milioni 6 lingekuja na maradhi yake ambayo muuzaji hatayataja. Tena tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo mtu wa kipato chake hawezi kuagiza jingine la umri ule. Kwa hiyo yaliyopita yana thamani kama ujuzi, hata kama hayana thamani kama deni. Nadhani mjomba alitaka kusema hivyo, ila alikosea sababu.

(Darasani tulisoma habari ya merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliibadilisha mbao moja moja hadi watu wakabishana kama bado ni ileile. Mjomba alicheka nilipomsimulia. Kwake gari ni lilelile maadamu kadi inasomeka jina lake.)

Hesabu ya mbele ni hii. Akitoa petroli, hubakiwa na kama shilingi 40,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, yaani 240,000. Giaboksi ingejilipa kwa wiki kumi na moja hivi, ikiwa itadumu. Hiyo “ikiwa” ndiyo inayonisumbua, kwa sababu anayecheza bahati nasibu ni mjomba lakini anayeweza kurudishwa nyumbani ni binti. Hata hivyo, bila gari hakuna karo ya muhula ujao pia.

Fundi alikuwa na njia ya tatu. Alisema tubadilishe oili, gari litatembea vizuri wiki mbili tatu, tuliuze milioni 6 kabla halijarudia tabia yake. Mjomba hakumjibu. Mimi nilikumbuka Cicero, Mrumi aliyeandika kitabu kuhusu wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo. Humo anauliza kama mtu anayeuza nyumba mbovu analazimika kuitaja kasoro yake. Anawaleta wanafalsafa wawili: Diogenes wa Babeli anasema mnunuzi hakulazimishwa na mtu, na Antipater anasema kunyamaza huko ni kumpoteza njia mwenzako kwa makusudi. Cicero mwenyewe anamkataa mwenye kuficha.

Lakini hata bila Cicero, angalieni hesabu. Gari likiuzwa kwa ukweli, watu wanatoa milioni 3 au zaidi kidogo. Likiuzwa kwa kuficha, milioni 6. Tofauti hiyo haikutoka hewani: ni bei ya giaboksi pamoja na usumbufu wake. Giaboksi italipiwa tu, ila atakayeilipia ni mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Na nani hununua Corolla ya 1997 kwa milioni 6? Ni mtu kama mjomba, labda kwa mkopo, labda naye ana mtoto wa kidato cha tano.

Kwa hiyo njia za halali ni mbili, na nimemwambia mjomba aanze na injini. Ipimwe kompresheni kwanza. Silinda zikiwa dhaifu, aliuze milioni 3 na aseme ukweli wote. Zikiwa nzima, aiombe shule ipokee karo kwa awamu mbili, kisha anunue giaboksi. Kwa kipimo hicho fundi anataka shilingi 30,000.