Kushiba na Kulelewa

Katika lugha yetu yako maneno mawili ambayo watu huyachanganya: kulisha na kulea. Kulisha ni kumfanya mtu ale. Hata ng'ombe hulishwa. Kulea ni kumtunza mtu mpaka akue, mwili wake na akili zake. Wengi wetu twadhani ya kuwa amlishaye mtoto amekwisha kumlea. Basi, wasomaji, na tuulize: je, kila aliyeshiba amelelewa?

Tuanze na mwili. Nchi yetu ina neema. Huku milimani Mbinga twavuna mahindi, maharage na kahawa. Kule ufukoni mwa Ziwa Nyasa, Lituhi, Liuli hata Mbamba Bay, watu hula ugali wa muhogo kwa samaki. Mgeni apitaye wakati wa mavuno atasema kwamba hapa njaa haijulikani. Lakini upimaji wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Ruvuma, kwa kila watoto 100 wasiotimiza miaka 5, zaidi ya 35 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Kwa Tanzania nzima walikuwa 30. Magonjwa na maji machafu yana sehemu yake katika jambo hilo. Lakini chakula nacho kina sehemu yake. Uji mtupu wa muhogo hujaza tumbo, wala haujengi mwili. Dagaa na maharage, ambavyo hujenga mwili, mara nyingi vyatiwa katika magunia na kwenda sokoni, na mtoto wa mvuvi au wa mkulima abaki na uji mweupe.

Hayo hayakutupata sisi tu. Mahindi, muhogo na maharage tulimayo asili yake ni Amerika, katika nchi ambazo nyingi leo husema Kihispania. Tangu kale watu wa Mexico huchemsha mahindi yao katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Mahindi yalipopelekwa Hispania, mbegu zilivuka bahari, lakini maarifa ya kupika hayakuvuka pamoja nazo. Maskini wa Asturias, ambao chakula chao kilikuwa karibu mahindi matupu, wakashikwa na ugonjwa wa kuharibu ngozi na kudhoofisha mwili. Tabibu Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo mwaka 1735; leo huitwa pelagra. Sasa twajua kwamba husababishwa na upungufu wa vitamini moja, ambayo chokaa huifungua ndani ya mahindi ili mwili uipate. Watu wale walishiba, nao wakaugua.

Tena Wahispania wana maneno ya kutufunza. Chakula kwao ni alimento, neno lililotoka katika Kilatini alere, maana yake kulisha na kukuza. Katika shina hilo hilo limechipuka neno alumno, ndilo mwanafunzi. Kwa asili yake, basi, mwanafunzi ni mtu anayelishwa. Na neno lao criar ni kunyonyesha na kulea pia. Wahenga wao hawakutenga kazi ya mama jikoni na kazi ya mwalimu darasani.

Kwa kuwa akili nazo zina shibe ya bure. Mtoto aweza kuimba hesabu za kuzidisha toka mwanzo hata mwisho, na akitumwa dukani ashindwe kujua kama amerudishiwa fedha sawasawa. Mtu mzima naye aweza kupokea habari katika simu kutwa kucha, asiwe na hekima hata kidogo kuliko jana. Wameshiba maneno, lakini maneno hayakugeuka kuwa sehemu yao.

Wamatengo walilijua jambo hili katika udongo. Atengenezapo ngoro, mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, mfano wa miraba. Mwanamke huchimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Majani huoza polepole, mashimo hushika maji ya mvua, na mteremko mkali hausombwi. Majani yakiachwa juu, upepo utayachukua. Yakifunikwa na kungojewa, hugeuka kuwa shamba lenyewe. Hiyo ndiyo lishe ya kweli: kitu kilichopokewa kikageuka kuwa aliyekipokea. Hufanyika kwa kiasi, kwa wakati, na kwa mkono wa mtunzaji.

Labda mtu atasema, "Mama zetu hawana nafasi, hutoka shambani jioni wamechoka." Ni kweli, na ndiyo sababu lawama isiwaangukie wao peke yao. Ngoro haichimbwi na mmoja, wala mtoto halelewi na mmoja. Kuuza mavuno si vibaya; ada, dawa na bati zataka fedha. Lakini baba, kabla ya kufunga gunia la maharage, na atenge kwanza sehemu ya watoto wake. Mvuvi naye asiuze dagaa wote. Na sisi walimu, kabla ya kufungua somo jipya, tumwombe mtoto aeleze la jana kwa maneno yake mwenyewe. Tukifanya hivyo, mtoto wetu atashiba, tena atakua.